Bei Si Shahidi



Katika toleo letu moja lililopita tuliandika maneno machache ya kuwausia wazazi juu ya mapambo ya maarusi. Tulisema, pamoja na mengine, kwamba vipodozi vya bei rahisi ni takataka, kwamba vyaharibu ngozi za binti zetu, na kwamba mwenye kumpenda mwanawe hampaki usoni kitu cha senti chache. Maneno hayo tuliyaandika kwa nia njema, na wengi waliyapokea kwa kuyasifu. Leo twarudi kuyatazama tena, kwa kuwa imetudhihirikia kwamba tulihukumu pasina kuchunguza. Na mwenye kuwaandikia watu, akikosea hadharani, haimfalii kujisahihisha sirini.

Sababu ya kurudi kwetu ni hii. Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa mpambaji wa maarusi katika mtaa wetu. Alichukua kikapu, na ndani yake mlikuwamo vikopo viwili. Akaviweka juu ya mkeka mbele yetu, akasema: “Wanangu, mimi si msomi wa vitabu, lakini leo nimekuja kuwashitaki nyinyi kwenu wenyewe.”

Kisha akatusimulia. Kijana mmoja, mchukuzi wa mizigo, alikuwa ameposa, akaandaa begi la kumpelekea mchumba wake kama ilivyo desturi yetu. Kwa kadiri ya uwezo wake alinunua poda, wanja na rangi ya mdomo za chapa ya bei nafuu, ambayo kiwanda chake chajulikana na maelezo yake yote yameandikwa ubavuni mwa kikopo. Begi lilipofunguliwa, shangazi wawili wa bibi arusi walicheka, na mmoja wao akatoa waraka wetu akausoma kwa sauti, ili kila aliyekuwapo ajue kwamba hata wanazuoni wamevikataa vitu kama hivyo. Habari zikamfikia kijana, naye akaingiwa na haya. Akakopa fedha, akaenda sokoni, akanunua krimu ya uso yenye jina kubwa la Ulaya, kwa bei iliyokuwa kama sehemu ya tano tu ya ile inayouzwa huko itokako. Akadhani amepata bahati. Yule binti akaitumia siku chache kabla ya arusi. Uso ukawaka moto, ukavimba, ukatoka malengelenge. Arusi ikaahirishwa. Ile krimu ilikuwa ya kughushi. Jina lilikuwa la wengine, na kilichokuwamo ndani hakuna aliyekijua isipokuwa aliyekichanganya.

Mama akatuonyesha vikopo vyote viwili: ile poda iliyochekwa na ile krimu iliyounguza. Akatuuliza: “Mlitwambia tuiogope rahisi. Mbona hamkutwambia tuuogope uwongo?”

Hatukuwa na jawabu siku ile. Makala haya ndiyo jawabu letu.

Swali ni hili: je, bei ya kitu ni shahidi wa wema wake au wa ubaya wake? Mtu akileta mbele ya kadhi shahidi mmoja, kadhi hatazami kilemba cha shahidi huyo. Humwuliza ameona nini, amejuaje, na je, ni mwaminifu? Sisi tuliikubali bei kuwa shahidi pasina kuiuliza neno lolote.

Wazee wetu walisema kwamba rahisi huwa ghali, na methali hii ina ukweli wake. Mwenye kununua viatu vibovu hununua mara tatu, na aliyenunua viatu vizima amenunua mara moja. Lakini wazee hao hao walisema pia: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mkakasi, kwa vijana wasioujua, ni kile kikasha kilichonakshiwa ambacho bibi zetu walitilia manukato na vitu vya kujipambia. Basi wazee walikwisha kutuonya juu ya pande zote mbili: rahisi yaweza kukupunja, na chombo kizuri chaweza kukuhadaa. Aliyeishika methali moja na kuiacha ya pili ameushika ukweli nusu.

Tuanze basi na kilichomo ndani ya vikopo. Rangi ya mdomo, iwe ya bei ya kikombe cha chai au ya bei ya mbuzi, asili yake ni nta, mafuta na rangi. Nta yaweza kuwa ya nyuki au ya majani ya mnazi fulani wa Brazili. Mafuta yatumikayo sana ni ya mbarika. Na rangi nyingi ni kutu ya chuma iliyosafishwa pamoja na unga mweupe wa madini ya titani. Poda ya uso kwa kawaida ni unga wa jiwe laini liitwalo talki, pamoja na ulanga wa kuipa mng'ao, na rangi zile zile. Hivi si lulu wala zafarani. Ni vitu vinunuliwavyo kwa magunia na mapipa, na wenye viwanda wakubwa na wadogo huvipata katika masoko yale yale. Iko tofauti ya ufundi, hatukatai. Unga husagwa ukawa laini zaidi au ukabaki na chenga, rangi hukolea au hufifia. Lakini sehemu kubwa ya bei ya kitu cha fahari haimo katika nta. Imo katika chupa nzito, katika kasha la karatasi ing'aayo, katika kodi ya duka la mji mkubwa, na katika ujira wa mwigizaji ambaye uso wake umetundikwa ukutani.

Tuwatazame na wenye mali. Mwaka 1915, katika mji wa Chicago nchini Marekani, kijana aitwaye Tom Lyle Williams alianzisha biashara ya kuuza kipodozi cha kope, akaiita Maybelline kwa jina la dada yake Mabel. Bidhaa zake zikawa za watu wa kawaida, zikauzwa kwa bei ndogo katika maduka ya kila mtaa. Mwaka 1996 Maybelline ilinunuliwa na kampuni ya Ufaransa ya L'Oréal, iliyoasisiwa mwaka 1909. Na kampuni hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuinunua Lancôme tangu mwaka 1964, ambayo ni chapa ya matajiri. Basi yule mama anayejivunia Lancôme na yule jirani yake anayeona haya kwa Maybelline, wote wawili fedha zao zaingia katika mfuko mmoja. Hatusemi kwamba kilichomo katika vikopo hivyo ni kitu kimoja. Twasema tu kwamba mtu aliyemdharau mwenziwe kwa ajili hiyo hakujua alichokuwa akikidharau.

Na mfano wa karibu zaidi upo hapa hapa Kenya. Paul Kinuthia aliijenga kampuni ya Interconsumer Products kwa kutengeneza mafuta ya nywele na ya ngozi kwa bei ya mwananchi wa kawaida, na chapa yake ya Nice & Lovely ikaenea katika maduka madogo ya nchi nzima. Walikuwapo walioibeza kwa sababu mbili: kwamba ni ya rahisi, na kwamba ni ya hapa kwetu. Mwaka 2013 L'Oréal wakainunua biashara hiyo ya vipodozi. Twawauliza waliobeza: je, mafuta yaliyokuwamo ndani ya chupa yaligeuka usiku ule mkataba ulipotiwa sahihi? Ikiwa hayakugeuka, ni kitu gani basi walichokuwa wakikibeza?

Huko Marekani tena, mwaka 2004, ilianzishwa chapa ya e.l.f. iliyouza vipodozi vyake kwa dola moja moja. Wengi walidhani kitu cha dola moja hakiwezi kuwa na heshima. Lakini chapa hiyo ilidumu na kukua, hata mwaka 2016 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York. Wanunuzi walijaribu, wakaona, wakarudi. Kizuri chajiuza.

Huenda mtu akasema: “Hayo ni ya biashara, lakini usalama je? Hakika ghali ni salama zaidi.” Nasi tulidhani hivyo. Mwaka 2007 shirika moja la kutetea usalama wa vipodozi huko Marekani lilipeleka rangi za mdomo 33 kupimwa, zikatazamwa kama zina risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu. Zaidi ya nusu zilikutwa nayo kwa kiasi kidogo. Kilichotuzindua ni kwamba bei haikuwa dalili: baadhi ya zile za rahisi hazikuonekana kuwa nayo kabisa, na baadhi ya zile za majina makubwa zilikuwa nayo. Baadaye wakaguzi wa serikali ya nchi hiyo wakapima rangi za mdomo 400, wakaona wastani wa risasi ni takriban sehemu moja katika milioni, nao wakasema kiasi hicho si cha kumdhuru mtumiaji. Hatuyataji haya kuwatia watu hofu. Twayataja kwa kuwa yaonyesha kwamba ajuaye kilichomo ni yule aliyepima, si yule aliyelipa zaidi.

Na tukirudi nyuma katika tarehe twakuta jambo la ajabu zaidi. Katika Ulaya ya zamani wanawake wa nyumba za kifalme na za kitajiri walijipaka usoni weupe uliotengenezwa kwa risasi, na uliotafutwa kuliko wote ulikuwa ule wa Venice. Mwanamke maarufu wa Uingereza kwa uzuri wake, Maria, Countess wa Coventry, alifariki mwaka 1760 akiwa bado kijana, na waliomjua walisema ni hayo mapambo yaliyomwua. Maskini wa zama zile, aliyenawa uso kwa maji ya kisima akaenda shambani, alisalimika na sumu ambayo tajiri aliinunua kwa dhahabu.

Lakini insafu yatulazimisha tuuseme na upande wa pili, tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia katika jingine. Zipo nyakati ambapo bei kubwa ilinunua kitu cha haki. Kwa miaka mingi chapa nyingi za rahisi zilitengeneza poda kwa nyuso nyeupe, na kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi zikamwachia rangi mbili au tatu tu. Akijipaka aonekana kama aliyepakwa jivu. Mwaka 2017 ilipotoka chapa ya Fenty Beauty, ya mwimbaji Rihanna, ilileta rangi 40 za msingi wa uso kwa wakati mmoja, tangu nyeupe kabisa hata nyeusi kabisa, nayo haikuwa ya bei ya chini. Baada yake wengine wengi, na wa rahisi wakiwamo, wakapanua rangi zao. Basi mwanamke aliyelipa zaidi ili apate rangi inayomfaa hakufanya israfu. Alinunua alichonyimwa kwingine. Wala hatuna haki ya kumcheka yeye, kama tusivyokuwa na haki ya kumcheka aliyenunua rahisi.

Sasa tufike kwenye kiini. Ikiwa bei si shahidi, shahidi ni nani? Shahidi ni ukweli wa muuzaji. Sote twakijua kisa cha Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kwa mvua. Tuangalie alilaumiwa kwa nini. Hakulaumiwa kwa kuwa nafaka yake ni duni, wala kwa bei aliyoiuzia. Alilaumiwa kwa kuificha iliyolowa chini ya iliyo kavu. Lau angaliiweka juu, kila mtu akaiona, akaiuza kwa bei ya chini, angalikuwa mfanyabiashara mwaminifu aliyemsaidia maskini kupata chakula. Rahisi iliyo wazi ni halali na ni rehema kwa watu. Dhambi ni kuficha.

Kwa mzani huo, vitu vya sokoni vyagawanyika mafungu manne. Lipo la rahisi lenye ukweli: kiwanda chajulikana, vilivyomo vimeandikwa, na muuzaji hadai zaidi ya alichonacho. Lipo la ghali lenye ukweli. Mwenye uwezo na haja halaumiwi kwalo. Lipo la ghali lenye uwongo, lile liahidilo kurudisha ujana na kugeuza maumbile, na halina ila nta na maneno. Na lipo la nne, ambalo ndilo lililomwunguza yule binti: uwongo uliovaa jina la ghali ukauzwa kwa bei ya rahisi. Sisi katika waraka wetu tuliyachanganya fungu la kwanza na la nne, tukayaita yote takataka. Matokeo yake ni kwamba tulimfukuza kijana mkweli kutoka mahali pa salama tukamtia mkononi mwa mwongo. Hilo ndilo kosa letu, nasi twalikiri.

Hatari ya fungu hilo la nne si ndogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zinazoletwa kwa njia za kichochoro hutiwa zebaki, ambayo hupenya ngozi ikadhuru mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito aweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Mataifa yaliyokubaliana katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, yaliweka kwanza mpaka wa kiasi cha zebaki katika vipodozi, kisha mwaka 2023 yakaamua kuiondoa kabisa ifikapo mwaka 2025. Hapa kwetu Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, limekataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Lakini sheria haimwoni aliyejifungia chumbani akijaza vikopo. Anayemwona ni jirani yake na muuzaji mwenziwe, na hao ndio tunaowauliza: mwanyamazia nini?

Wala tusidhani kwamba uwongo waja kwa meli tu. Twaujua hapa pwani ule wanja mweusi wa kuchorea mikono na miguu tuuitao piko. Hina ya asili ni jani, na rangi yake ni nyekundu au ya kahawia. Piko ni rangi ya kutia nywele, ambayo mara nyingi ina dawa kali isiyokusudiwa kukaa juu ya ngozi. Wako walioungua nayo, na wako waliobaki na makovu ya mchoro ule ule waliojichora kwa furaha. Mpambaji amwambiaye msichana kwamba hiyo ni hina nyeusi amefanya kama yule aliyeificha nafaka yenye maji, ijapokuwa amechukua shilingi chache na ijapokuwa ni shangazi yake.

Baada ya kuitetea rahisi, yatupasa tuiambie nayo makosa yake. Kosa la kwanza ni kwamba rahisi humvuta mtu kukusanya. Anunuaye rangi ya mdomo kumi kwa kuwa kila moja ni ya bei ndogo, akatumia mbili, nane zikakauka katika kasha, hakuweka akiba; ametumia zaidi ya jirani yake aliyenunua moja ya ghali akaimaliza. Israfu haihesabiwi kwa bei ya kitu kimoja. Huhesabiwa kwa kilichotupwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, na hili lazihusu rahisi na ghali pamoja. Ule ulanga unaotia mng'ao katika poda, sehemu yake kubwa imetoka India, katika majimbo ya Jharkhand na Bihar, na humo wameonekana watoto wakichimbua ndani ya mashimo yasiyo na ulinzi. Mwaka 2016 waandishi wa habari walifichua vifo vya watoto katika mashimo hayo, na mwaka 2017 baadhi ya makampuni yakaunda umoja wa kulisafisha jambo hilo. Basi mwenye kujipamba, awe tajiri au maskini, ajue kwamba huenda mng'ao ule umepita katika mikono midogo. Hapa tena bei si shahidi. Ghali haikuwa salama na dhuluma hii kwa kuwa ni ghali. Njia iliyo wazi ni kupendelea watengenezaji wanaosema ulanga wao watoka wapi, na kuwauliza wasiosema.

Huenda ndugu mmoja akatwambia: “Nyinyi mna mambo makubwa ya umma mbele yenu, mbona mwapoteza karatasi kwa poda na wanja?” Twamjibu kwamba mapambo yana mahali pake pa halali, na mwanamke ajipambaye nyumbani mwake kwa mumewe au siku ya arusi yake hakutenda la kulaumiwa. Zaidi ya hayo, jambo ambalo wanazuoni hulidharau hubaki mikononi mwa wachuuzi. Tukiona haya kusema juu ya kitu ambacho nusu ya watu wetu hukipaka usoni, tusilalamike wakifundishwa na matangazo. Na tena, yule kijana hakuingia katika deni kwa ajili ya poda. Aliingia katika deni kwa ajili ya kicheko. Kicheko kile ni jambo la umma.

Hilo basi ndilo tunalotaka kuwaambia shangazi, masomo na mama wakwe wa miji yetu. Begi la arusi ni hidaya, si hesabu ya ushuru. Mlifunguapo, mkatazama majina ya vikopo kabla ya kutazama mkono ulioleta, mwawafundisha vijana kwamba jina ni bora kuliko uaminifu. Na kijana aliyekwisha kufundishwa hivyo atatafuta jina kwa njia yoyote, hata kwa mkopo, hata kwa kikopo cha kughushi. Kisha mtashangaa uso wa binti yenu ukiungua, ilhali moto mliuwasha nyinyi kwa kucheka.

Kwa wanunuzi tuna wasia mchache, ambao tumeupokea kwa wajuzi na kwa yule mama mpambaji. Soma ubavu wa kikopo kabla ya kusoma bei: jina la kiwanda, vilivyomo, tarehe, na alama ya ubora. Kisichoandikwa kilichomo, kiache, kiwe cha shilingi hamsini au cha elfu tano. Ukiona jina kubwa lauzwa kwa sehemu ya tano ya bei yake, usiseme umepata bahati. Jiulize nani amekubali hasara hiyo, na kwa nini. Kitu kipya kipake kidogo ndani ya mkono wako, ukingoje siku mbili kabla ya kukitia usoni. Wanja wa macho usiazimane na mtu. Krimu iahidiyo kuibadilisha ngozi uliyoumbwa nayo kwa juma moja, hiyo usiulize hata bei.

Kwa wauzaji tuna neno moja: uza rahisi, na useme ni rahisi. Hakuna aibu ndani yake. Mwenye duka dogo anayemwambia mteja, “Hii ni ya bei ya chini, rangi yake haikai mchana kutwa, lakini haina madhara,” biashara yake ina baraka kuliko ya yule mwenye kabati la vioo lililojaa majina ya kuazima.

Yule binti uso wake ulipona baada ya majuma kadhaa ya kuhudhuria kwa daktari, na arusi ikafanyika. Mama mpambaji alipopata ruhusa ya daktari alimpamba kwa ile poda ya kwanza, ile iliyochekwa, baada ya kuijaribu mkononi mwake siku mbili kama ilivyo kawaida yake. Tulialikwa, tukaenda, na baada ya khutuba ya nikahi tulimwomba radhi kijana mbele ya wazee. Alitusamehe kwa ukarimu. Lakini deni alilokopa kwa ajili ya ile krimu bado analilipa kila mwisho wa mwezi, na radhi yetu haikulipunguza hata shilingi moja. Kwa hiyo sisi wa darasa tumekubaliana kulichangia mpaka liishe, kwa kuwa kalamu iliyomtia mtu hasarani yapaswa kushiriki katika kuilipa.

Mwenye waraka wetu ule wa kwanza nyumbani, twamwomba auambatishe na huu, wala asiusome mmoja pasina wa pili.

Wabillahi taufiki.